Kadi Ambayo Sikuibandika Ukutani

Mwanangu mpendwa Upendo,

Ninakuandikia barua hii kwa sababu moja tu. Jumatatu utaanza kazi chini ya mwanamke niliyemkosea, naye hajui kwamba nilimkosea, wala wewe hujui. Sitaki upande treni kesho ukiwa unaniheshimu mimi, mama ambaye hujamfahamu sawasawa.

Umeshuka Kariakoo kununua begi, na ninakujua: utazunguka maduka kumi ndipo urudi kwenye lile la kwanza. Kwa hiyo nina saa mbili. Habari za chakula, za baridi ya Dodoma asubuhi na za majirani wapya sitaziandika hapa. Nimezisema tangu Jumanne, na juzi uliniambia, "Mama, sasa umeanza kurudia." Hili la leo sijawahi kulisema hata mara moja.

Nina wivu, Upendo. Ninaliandika neno hili bila kulipamba, kwa kuwa kwa muda mrefu nililiita kwa majina mengine. Nililiita weledi, nikaliita viwango, kuna wakati nikaliita kulinda heshima ya taaluma. Lilikuwa wivu, nalo lilianza siku Salma alipoingia ofisini kwetu hapa Mchafukoge akiwa na furushi la kadi za manila na selotepu mbili.

Unakumbuka nilivyokuwa wakati ule. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, nikauza vyombo miaka kumi katika duka la jumla la Mama Shirima, kando ya Mtaa wa Msimbazi. Wewe ulijifunza kutembea ukishikilia katoni za chupa za chai. Nilisoma jioni, muhula baada ya muhula, na nilipovaa joho nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Nilipoajiriwa katika kampuni ya kutengeneza programu za maduka, nilikuwa mkubwa kwa umri miongoni mwa wahitimu wapya, nami nilitaka kila mtu ajue kwamba nami ni mhitimu. Nilikuwa nikilitaja neno "shahada" hata mahali ambapo hakuna aliyeniuliza.

Kazi yangu ya kwanza kuisimamia ilikuwa mfumo wa duka la dawa. Niliandika mpango wa kurasa sitini, nikaufunga kwa jalada gumu, kila ukurasa una sahihi. Niliahidi miezi sita. Hatukumwonyesha mwenye duka chochote hadi mwisho, kwa sababu niliamini kwamba kazi isiyokamilika ni aibu. Tulichelewa miezi minne. Siku tulipompelekea, alibofya mara tatu, akanitazama.

"Dada, mimi nilitaka kujua dawa zipi zinakaribia kuisha muda wake. Haya mengine yote ni ya nani?"

Hitaji lake lilikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Nilikuwa nimelizika chini ya mambo arobaini yaliyonipendeza mimi.

Mkurugenzi hakunifokea. Alifanya jambo lililoniuma zaidi: alimleta Salma. Mtoto wa Lindi, mdogo wangu kwa miaka mitano, mwenye cheti cha mwaka mmoja tu. Asubuhi ya kwanza aligawa ukuta wetu kwa selotepu sehemu tatu, akaandika juu yake: Bado, Inaendelea, Imekwisha.

"Na mpango uko wapi?" nilimuuliza, mbele ya wote.

"Ndio huu, dada."

"Huu ni ukuta."

"Basi tumepata mpango ambao hakuna atakayeusahau nyumbani."

Ofisi nzima ilicheka. Nami nilicheka, lakini kwa meno tu.

Utaratibu wake sasa unaujua kuliko wengi wa rika lako. Kila jambo analolihitaji mteja linaandikwa kwenye kadi moja, kwa maneno ambayo mteja mwenyewe angeyasema. Kazi inakatwa vipande vya wiki mbilimbili, kila kipande kinaitwa mzunguko. Kila baada ya wiki mbili mteja anaonyeshwa kitu kinachofanya kazi, hata kikiwa kidogo. Na kila asubuhi watu wanasimama wima, dakika kumi, kila mmoja anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na amekwama wapi. Nilimuuliza Salma kwa nini tusikae kama watu wazima.

"Tukikaa tutaagiza chai," alisema. "Chai ikija, kikao kimekuwa harusi."

Mradi wetu wa kwanza naye ulikuwa duka la Mama Shirima. Fikiria hilo: duka nililolifagia miaka kumi, linakwenda kuhudumiwa chini ya usimamizi wa mgeni. Mama Shirima alitaka mfumo uwe tayari kabla ya msimu wa sikukuu, wateja wa mikoani wanapofurika. Salma aliahidi siku, akaiandika kwa wino mwekundu juu ya ukuta, na mimi nikapewa kazi ya kuwa karibu na mteja, kwa kuwa "Mama Upendo anaijua Kariakoo." Yeye mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Liweke hilo moyoni unapoendelea kusoma.

Ningeweza kuvumilia sifa alizopewa na mkurugenzi. Nilizoea kusikia, "Salma anasemaje?" kabla sijamaliza sentensi yangu. Sikuweza kukuvumilia wewe. Ulianza kupita ofisini baada ya masomo, naye akakupa kazi ya kuhamisha kadi kutoka safu moja hadi nyingine. Nyumbani ukawa huna habari nyingine. Jioni moja ninakupakulia wali, ukasema, "Mama, anti Salma anasema kazi ambayo mteja hajaiona haijakwisha."

"Anti Salma amesomea wapi?" nilikuuliza.

"Sijui. Sijamuuliza."

Ulijibu kwa adabu kabisa, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, na jibu lako liliniuma wiki nzima. Mimi nilikuwa nimekesha miaka saba juu ya vitabu ili siku moja uniulize mimi.

Mzunguko wa tatu ulipoanza, Salma alibandika kadi iliyosema: "Mfumo usikubali kuuza kitu ambacho hakipo stoo." Mtu yeyote mwenye akili angeiandika kadi hiyo. Aliyesimama nyuma ya meza ya duka la jumla Kariakoo asingeiandika kamwe. Wewe ulilala chini ya meza ile, unajua. Mteja wa Songea anataka katoni kumi za chupa za chai, wewe unazo nne. Humwambii kwamba hazipo. Unamkaribisha kiti, unatuma mtu duka la jirani achukue sita, unauza kumi, na jioni mnamalizana na jirani. Kesho yeye atachukua sufuria kwako. Mtaa mzima unauza mali ya mtaa mzima. Duka litakalokataa kuuza kisichokuwemo stoo yake litafungwa kabla ya mwezi kwisha.

Niliisoma kadi ile, nikalijua kosa papo hapo.

Asubuhi iliyofuata tulisimama. Zamu yangu ilifika. "Umekwama wapi, dada?"

"Sijakwama."

Asubuhi ya pili nikasema hivyohivyo. Ya tatu pia. Sikusema uongo, nilijiambia. Kazi yangu mimi ilikuwa inakwenda. Nilitaka tu mara moja, mara moja tu, ukuta ule ushindwe na mtu mwenye shahada aitwe.

Kisha ikaja siku ya kumwonyesha Mama Shirima. Mimi ndiye niliyeendesha onyesho, na nilichagua mwenyewe mifano: sahani zilizokuwepo, ndoo zilizokuwepo. Kila kitu kilikwenda vizuri. Mama Shirima akavaa miwani, akainama kwenye kompyuta.

"Na nikichukua kwa jirani, je?"

Salma alikuwa nje, amepokea simu. Niliangalia mlangoni, nikamjibu, "Hilo tutalifikia, Mama. Usiwe na shaka."

Niliporudi ofisini niliandika kadi. Nataka ujue kwamba niliiandika, kwa mwandiko wangu mzuri: "Duka liweze kuuza bidhaa iliyochukuliwa kwa jirani." Nilikata selotepu. Nilisimama mbele ya ukuta nikiwa nimeishika. Salma alikuwa anaongea na mkurugenzi, wanacheka. Nikaikunja kadi, nikaitia kwenye mkoba wangu.

Mfumo ulikabidhiwa siku ileile iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Halikuwa limetokea jambo hilo katika kampuni yetu tangu ianzishwe. Mkurugenzi alinunua soda kwa watu wote. Kesho yake, saa nne asubuhi, duka limejaa, mteja wa Songea alitaka katoni ishirini za vikombe na stoo ilikuwa na kumi na mbili. Mwuzaji alileta nane za jirani, akaandika ishirini. Kompyuta ikakataa. Akarudia, ikakataa tena.

"Jamani, hapa mnauza au mnasali?" mteja aliuliza. "Basi langu halinisubiri mimi."

"Subiri kidogo, baba, kidude kimegoma," alisema Mama Shirima, kisha akageuka kwangu, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda kushuhudia. "Wewe! Si nilikuuliza?"

Nilimwambia tutalishughulikia. Wateja watatu walivuka barabara kwenda duka la pili. Kabla ya saa sita Mama Shirima alikuwa ameizima kompyuta, amerudi kwenye vitabu vya stakabadhi vya mkono, na amempigia mkurugenzi simu kwa maneno ambayo sitayaandika kwenye barua ya heshima.

Jioni Salma aliita kikao. Alikuwa na desturi hiyo baada ya kila mzunguko: watu wanakaa, safari hii wanakaa kweli, wanajiuliza kipi kilikwenda vibaya, bila kumnyooshea mtu kidole. Akaanza yeye.

"Kosa ni langu. Niliuliza stoo ina nini. Sikuuliza duka linauzaje."

Mkurugenzi alinitazama. "Na wewe uliyekulia kule, hukuliona?"

"Sikuulizwa," nilisema.

Ni neno moja tu, Upendo. Kadi ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba ulikuwa mapajani mwangu.

Mradi ulihamishiwa kwangu. Niliurekebisha kwa siku mbili, watu wakashangaa wepesi wangu, na kabla ya mwaka kwisha nikawa mkuu wa miradi, cheo nilichonacho hadi leo. Ulinipongeza kwa keki. Salma aliomba kuondoka mwenyewe. Siku yake ya mwisho aliniachia kadi zilizobaki. "Zitumie, dada. Una mwandiko mzuri kuliko wote humu." Hakuwa na kinyongo. Ningependa angekuwa nacho.

Tangu hapo ninafanya kazi kwa utaratibu wake, kadi kwa kadi, na nimefikisha kazi nyingi kwa wakati. Nimejifunza mambo ambayo yeye aliyajua bila shahada. Nimejifunza kwamba mtu akisema "imebaki kidogo" hana nia ya kudanganya, lakini umwombe akuonyeshe, kwa kuwa hicho kidogo mara nyingi ndicho kazi yenyewe. Nimejifunza kumwambia mteja siku ya pili kwamba tumechelewa, badala ya siku ya kumi, na kumwuliza ni kadi ipi tuiondoe, kwa sababu siku haziongezeki kwa kuwatesa watu. Wateja hukasirika siku ya pili. Siku ya kumi hawakasiriki tena; wanakuwa wamekwishatafuta mtu mwingine.

Lakini hayo utafundishwa, na aliyekufundisha mwanzo ndiye atakayeendelea. Langu mimi ni hili dogo ambalo hataweza kukufundisha, kwa kuwa hajawahi kusimama upande huu. Utaratibu ule wote unategemea kwamba mtu anapoulizwa "umekwama wapi" atasema anachokijua. Hakuna ukuta unaoweza kumshinda mtu aliyeamua kunyamaza. Ipo siku utasimama kwenye kikao cha asubuhi, atakuwepo mtu unayemwonea wivu, utaliona kosa lake kabla yake, na utahisi utamu fulani kifuani. Ninaujua utamu huo vizuri. Sitakuambia usiuhisi, mimi ninauhisi mpaka leo. Ila siku hiyo sema, hata sauti ikitetemeka, hata ukisema kwa ubaya. Ukishanyamaza mara moja, asubuhi ya pili kusema kunakuwa kugumu zaidi, kwa sababu itabidi ueleze pia ulikuwa wapi jana.

Sasa nikurudie wewe, maana wivu wangu haukuishia kwa Salma.

Ulipopata ujumbe kwamba amekuchagua kwenye kampuni yake Dodoma, uliruka hadi jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. Nilikukumbatia. Kisha kwa wiki mbili nikakuambia Dodoma kuna vumbi, kampuni ni changa, ni vyema usome shahada kwanza. Sikuwa na hofu ya vumbi. Una miaka ishirini na unakwenda kuanza mahali nilipofika nikiwa na thelathini na mitatu, na unafika ukiwa mwepesi, huna cha kumthibitishia mtu. Na kazi yako ya kwanza itakapokamilika, atakayeiona ni yeye. Atakayekusifu ni yeye.

Jumapili iliyopita ukanisomea ujumbe wake kwa sauti, umesimama katikati ya sebule, unajivuna kwa niaba yangu: "Nimemtaka Upendo kwa sababu ya mama yake. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba dukani yapo mambo ambayo hakuna anayeyaandika." Ukaniuliza mbona sifurahi. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ningeweza kukuacha uende hivyo. Salma asingejua, nawe ungeishi kwa sifa zangu. Lakini kila asubuhi utasimama naye, na kila atakapokutazama atakuwa anamwona mwanamke ambaye hayupo. Akija kulijua baadaye kwa mdomo wa Mama Shirima, atajiuliza kama nawe ulijua. Wivu wangu umekwishachukua nafasi ya mtu mmoja. Sitaki uichukue na yako.

Kwa hiyo leo mchana, ulipokuwa unaoga, nilimpigia simu.

"Shikamoo, dada!" alisema kwa furaha. "Mtoto yupo tayari? Nimemwandalia meza dirishani."

"Marahaba. Yupo tayari. Salma, nina jambo la kukuambia, na si la kwenye simu."

"La mtoto?"

"La kwangu. Ni la zamani, la dukani kwa Mama Shirima."

Nilisikia anavuta kiti. "Dada, usiniweke roho juu. Ni zito?"

"Ni zito. Baada ya kulisikia, unaweza usimtake mtoto wangu. Nakuomba umpime kwa kazi yake, lakini sitakulaumu."

"Mh." Kisha akasema polepole, "Njoo basi. Jumamosi watu wachache. Mtoto awepo?"

"Atachagua mwenyewe."

"Haya. Nakusubiri. Na dada, usije na zawadi."

Hivyo ndivyo ilivyo. Nimekata tiketi yangu ya Ijumaa, nitalala kwa binamu yangu Dodoma. Una siku tano za kazi naye kabla sijafika. Ukiona huwezi kumtazama machoni siku tano, mpe barua hii Jumatatu yenyewe. Sitakukasirikia, na nitakuja vilevile. Ukitaka niseme peke yangu, kaa nyumbani. Ukitaka kusikia kama mama yako atasema yote au atapunguza, njoo ukae mkabala nami, na nikipunguza unisahihishe mbele yake.

Nakupenda, Upendo, kwa upendo usio safi sana lakini ni wote nilionao. Tukutane Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, ofisini kwa Salma.

Mama yako